Kona ya Mwalimu: Kishikwambi kimoja, wanafunzi sabini

Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: zana za kufundishia za mtandaoni zinapatikana wapi, na zikishapatikana zifanyiwe nini darasani. Nimechagua barua tano. Mimi nimefundisha Fizikia na Hesabu sekondari maisha yangu yote ya kazi, na hata baada ya kustaafu bado nakaa nyuma ya madarasa ya walimu vijana hapa Morogoro, kwa hiyo majibu yangu ni ya mtu wa chaki. Barua ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu hali ya mwalimu huyu ndiyo hali ya wengi.

Shikamoo Mwalimu. Nafundisha Fizikia Kidato cha Pili na cha Tatu katika shule ya kata. Chumba cha maabara tunacho, ila ndani kuna meza tu na sinki zisizo na maji. Mada ya umeme naifundisha kwa kuchora ubaoni. Darasa lina wanafunzi sabini. Nina kishikwambi tulichogawiwa baada ya sensa, lakini mtandao wa uhakika naupata nikienda mjini. Nikitafuta Google naletewa vitu maelfu, sijui nianzie wapi. — Mwalimu wa Fizikia, Sikonge

Marahaba, mwanangu. Tuanze na hiyo Google. Ukiandika "Physics notes Form Two" utaletewa notisi, na wewe hukwami kwa kukosa notisi. Kitabu cha kiada unacho, na kama nakala hazijafika shuleni, kipo kwenye Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania (TET), ol.tie.go.tz, unakisoma bila kulipa. Unachokosa ni kitu kinachotembea. Kwa hiyo kabla hujagusa kishikwambi, fungua muhtasari wa somo na azimio lako la kazi, chagua mada moja ambayo chaki imekushinda, kisha jiulize: wanafunzi wangu wanakwama wapi hasa hapa? Ukiweza kulijibu hilo kwa sentensi moja, kazi ya kutafuta imeshapungua nusu.

Kwenye umeme nakutajia pa kukwama, maana nimepaona kila mwaka. Mwanafunzi anaamini taa ya kwanza inakula umeme, ya pili inabakiziwa. Mchoree saketi ya mfuatano yenye taa mbili, umuulize ipi itawaka zaidi. Atakuonyesha ile iliyo karibu na betri. Utamweleza kwamba mkondo ni uleule kote, atanakili vizuri kabisa, na siku ya mtihani ataandika kile alichokiamini tangu mwanzo. Hapo maelezo zaidi hayasaidii. Anatakiwa aone.

Tafuta PhET. Ni mkusanyiko wa majaribio ya kuigiza ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani, ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mwanafizikia aliyekuwa amepata Tuzo ya Nobel mwaka mmoja kabla. Yapo ya Fizikia, Kemia, Biolojia na Hesabu, na baadhi yametafsiriwa hata kwa Kiswahili. Kuyatumia kwenye tovuti yao ni bure. Lako linaitwa "Circuit Construction Kit: DC".

Sasa jambo ambalo walimu wengi hawalijui: jaribio hilo unaweza kulipakua zima kama faili moja, likafanya kazi bila intaneti milele. Siku ukiwa mjini ingia kwenye ukurasa wake, bonyeza alama ya mshale wa kupakua, subiri. Faili ni la MB chache tu, halizidi wimbo mmoja au miwili. Linakaa kwenye folda ya vilivyopakuliwa, jina lake likiishia na html. Ukilibonyeza, kishikwambi kitakuuliza ulifungue kwa kitu gani. Chagua kivinjari cha Chrome. Ukichagua kile kisomaji cha HTML kinachokuja na kifaa utaona ukurasa mtupu, ukadhani faili limeharibika. Faili ni zima, ila kisomaji hicho hakiendeshi programu iliyo ndani yake. Lifungue papo hapo ukiwa bado mjini, zima data, lifungue tena. Likifunguka data ikiwa imezimwa, panda gari urudi.

Usiingie nalo darasani kesho yake. Kaa nalo jioni moja. Utaona betri, nyaya, taa, swichi na kizuizi, unaviburuta kwa kidole na kuviunga. Betri inakuja na volti 9 na taa ina omu 10. Unga taa moja, weka amita, yaani kipima mkondo, itasoma ampea 0.90. Ongeza taa ya pili kwa mfuatano: amita itashuka hadi 0.45, na ukiihamisha kabla ya taa ya kwanza, katikati ya taa zote mbili, kisha baada ya ya pili, itasoma 0.45 kila mahali. Dakika hiyo ndiyo unayoitafuta. Kisha zing'oe uziunge kwa sambamba: kila taa 0.90, kwenye betri 1.80. Vidoti vidogo vya elektroni vinaonekana vikitembea ndani ya nyaya, na unaweza kubadili uone mishale ya mkondo wa kawaida, unaoelekea kinyume na elektroni, badala yake, jambo linalowachanganya sana wanafunzi kwenye kitabu. Ukiunga waya mtupu kutoka ncha moja ya betri hadi nyingine, betri inashika moto. Hiyo waachie waigundue wenyewe.

Wanafunzi sabini na kifaa kimoja: usikinyanyue juu ukidhani wataona. Waandikie saketi tatu ubaoni, kila mmoja atabiri kwenye daftari lake, kwa kalamu ya wino, taa ipi itawaka zaidi na amita itasoma ngapi. Kalamu ya wino kwa sababu penseli inafutwa. Halafu waite mezani kikundi kimoja kimoja, wasizidi wanane, huku waliobaki wakifanya maswali ya kitabuni. Anayeshika kishikwambi awe mwanafunzi, wewe weka mikono mgongoni. Kikundi kikimaliza, kinarudi kikiwa kimesahihisha utabiri wake kwa maneno yake yanayoeleza kwa nini. Vipindi viwili vinavyofuatana vinatosha. Kwenye madarasa niliyokaa nyuma, kelele inayotoka kwenye ile meza ni kelele nzuri, mwache mkuu wa shule achungulie dirishani.

Nikuombe kitu kimoja zaidi. Nenda dukani ununue betri za tochi, balbu mbili za tochi na waya kidogo. Jaribio la kuigiza lisichukue nafasi ya kitu halisi pale kitu halisi kinapopatikana kwa bei ya soda. Fanya la kuigiza kwanza, halisi baadaye. Balbu halisi hazitatoa namba safi kama zile, na mwanafunzi mwerevu atakuuliza kwa nini. Hapo umefungua mada ya ukinzani wa ndani ya betri, na yeye ndiye aliyeiomba.

Hilo likikolea, kuna hatua ya shule nzima. Kama ofisi ina kompyuta hata moja ya Windows, weka Kolibri. Ni programu ya bure ya shirika la Learning Equality iliyotengenezwa kwa ajili ya shule zisizo na intaneti. Unapakua humo masomo ukiwa penye mtandao, au unayachukua kwa flashi kutoka shule nyingine iliyokwisha kupakua, na vifaa vyote vilivyounganishwa kwa Wi-Fi na kompyuta hiyo vinafungua masomo hayo bila bando. Masomo ya bure ya Khan Academy na CK-12 yamo, na PhET imo. Kwenye kishikwambi chako mwenyewe weka Kiwix, inayokubebea Wikipedia bila intaneti. Usipakue Wikipedia nzima ya Kiingereza yenye picha, inafika GB mia na kishikwambi hakitaibeba. Chukua vifurushi vya mada, au ile ya Kiswahili, ambayo ni ndogo.

Na ukitaka mawazo ya namna ya kufundisha darasa kubwa kwa vitu vya kuokota, tafuta TESSA, mpango ulioanza 2005 ukiongozwa na Chuo Kikuu Huria cha Uingereza pamoja na vyuo vya Afrika, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kikiwemo. Wana moduli za sayansi ya sekondari zilizoandikwa kwa kumfikiria mwalimu kama wewe.

Mwalimu, habari za kazi. Nipo kwenye makundi ya WhatsApp ya walimu wa Biolojia na Kemia. Kila siku zinarushwa PDF: notisi, mitihani ya mikoa, maandalio ya somo. Simu imejaa. Nyingine zina makosa, nyingine sijui zimetoka wapi. Nitajuaje ipi ya kuiamini? — Mwalimu wa Biolojia na Kemia, Mbeya

Habari za kazi ni nzuri, mwalimu mwenzangu. Makundi hayo yana kheri yake, yamewaunganisha walimu waliokuwa peke yao porini. Lakini faili lisilo na jina la mwandishi, lisilo na mwaka wala mtaala, mimi siliingizi darasani hata likiwa limepangwa vizuri namna gani. Limepita kwenye simu za watu mia na hakuna hata mmoja anayewajibika nalo.

Kipimo changu ni hiki. Fungua faili kwenye mada unayoijua vizuri kuliko zote, usome ukurasa mmoja tu. Kwenye Biolojia nenda kwenye upumuaji wa mimea. Ukikuta imeandikwa kwamba mimea inafanya usanisinuru mchana na kupumua usiku tu, lifute faili lote. Seli ya mmea inapumua saa ishirini na nne. Mchana upumuaji huo hatuuoni kirahisi kwa sababu usanisinuru unaufunika. Kwenye Kemia angalia milinganyo, hesabu atomi za kila upande mwenyewe. Kwenye Fizikia angalia kama uzito umeandikwa kwa kilogramu badala ya nyutoni. Aliyekosea hapo hakuwa makini kwingine pia.

Angalia pia faili limeandikwa kwa mtaala upi. Mtaala ulioboreshwa umeanza kutekelezwa kwa awamu tangu Januari 2024, na humo kundini bado zinazunguka notisi za muhtasari wa zamani. Maarifa yenyewe hayajaoza, ila mpangilio wa mada na umahiri unaotakiwa umebadilika, na mwanafunzi aliye kwenye huu mpya atapimwa nao. Vitabu vya nje navyo vina yao. OpenStax ya Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, na Siyavula ya Afrika Kusini ni vitabu vizuri sana, vimeandikwa na kuhaririwa na watu wanaojulikana, vinapakuliwa bure. Vitumie wewe kujinoa. Usimpe mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza sura nzima.

Sasa nikwambie hazina ambayo naumia kuona haitumiwi. Baraza la Mitihani (NECTA) kila mwaka linatoa, kwa kila somo, taarifa ya uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, kwa Upimaji wa Kidato cha Pili, Mtihani wa Kidato cha Nne na wa Sita. Zipo kwenye tovuti yao, PDF, bure. Kama kutafuta kwenye tovuti kunakusumbua, andika Google hivi: site:necta.go.tz "item response" biology. Hilo neno site na nukta mbili linaiambia Google isitoke nje ya tovuti hiyo, na alama za kunukuu zinailazimisha ilete maneno hayo yakiwa pamoja. Ukiongeza filetype:pdf inakuletea mafaili tu. Mbinu hiyo moja itakuokolea bando kuliko kundi lolote.

Ndani ya taarifa hiyo, swali kwa swali, wanaeleza lilipima nini, asilimia ngapi walilifanya vizuri, wangapi vibaya, na kwa nini. Na wanaweka picha za majibu halisi: jibu zuri la mtahiniwa na jibu baya, kwa mwandiko wa mtoto mwenyewe. Chukua moja ya yale mabaya, liandike ubaoni kama lilivyo, bila kusema ni baya. Wape dakika kumi walisahihishe na walipe alama. Utaona ubishi. Nusu ya darasa watalitetea kwa sababu hata wao wangeandika hivyohivyo, na hapo utakuwa umejua cha kufundisha wiki nzima. Hakuna andalio la somo kutoka kundini litakalokupa hicho.

Umenigusia chini ya barua yako kuhusu hizi programu za akili mnemba zinazotunga maswali. Zitumie kutunga rasimu. Kisha kila swali lifanye mwenyewe kwa mkono hadi mwisho kabla halijafika kwa mwanafunzi, maana zinakosea hesabu na kutaja vyanzo visivyokuwepo kwa lugha ileile ya kujiamini.

Shikamoo. Mimi ni mwalimu wa Historia, sasa nafundisha na Historia ya Tanzania na Maadili kwa Kidato cha Kwanza. Wenzangu wa sayansi wana video na majaribio ya mtandaoni. Sisi wa Historia, na tena kwa Kiswahili, tuna nini? — Mwalimu wa Historia, Kilwa Masoko

Marahaba mwanangu, na nimeipenda barua hii kwa ajili ya anwani yake. Wewe mkabala na dirisha lako kuna Kilwa Kisiwani. Kabla ya mtandao, panda boti na wanafunzi wako. Msikiti Mkuu, ngome iitwayo Gereza, Husuni Kubwa, vyote vipo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 1981 pamoja na Songo Mnara. Wapige picha kwa simu, wapime kuta kwa hatua, warudi waandike kwa Kiswahili. Halafu rusheni picha hizo kwenye Wikimedia Commons, ghala la picha za bure mtandaoni, zikiwa na maelezo ya Kiswahili, ili mwalimu wa Kigoma azikute. Zana za Historia kwa Kiswahili ni chache mtandaoni kwa sababu sisi wenyewe hatujaziweka.

Vilivyopo ni hivi. Historia Kuu ya Afrika ya UNESCO, juzuu nane za mwanzo, iko kwenye maktaba yao ya kidijitali kwa Kiingereza na Kifaransa, unapakua bila malipo. Juzuu la VII, lililohaririwa na A. Adu Boahen, linahusu Afrika chini ya ukoloni kuanzia 1880 hadi 1935, na humo kuna upinzani wa Afrika Mashariki, Maji Maji ikiwemo. Ni kitabu kizito. Kisome wewe, uandae kurasa mbili za Kiswahili chako mwenyewe. Najua ni kazi. Lakini somo hili likifundishwa kwa Kiswahili kilichotafsiriwa ovyo na mashine, mtoto atakariri sentensi ambazo hata mwalimu hazielewi.

Cha pili ni picha. Mwaka 2008 Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Ujerumani, Bundesarchiv, iliweka kwenye Wikimedia Commons karibu picha laki moja. Kati ya hizo zipo za Afrika Mashariki ya Kijerumani, nyingi zikiwa zimepigwa na Walther Dobbertin, aliyekuwa mpiga picha wa biashara huku enzi hizo. Andika "Bundesarchiv Bild 105-DOA" kwenye sanduku la kutafutia la Commons, herufi hizo DOA zikisimamia jina la koloni kwa Kijerumani. Utaona askari kwenye gwaride, wapagazi, reli, mitaa ya Dar es Salaam. Pakua moja, ichapishe kwenye karatasi moja kwa kila kikundi. Rangi nyeusi na nyeupe inatosha kwa mashine ya kudurufu.

Usianze kwa kuwaeleza picha inaonyesha nini. Waulize nani kasimama na nani kabeba. Nani anaangalia kamera. Nani kaiandikia maelezo, na kwa lugha gani. Maelezo ya zamani ya picha hizo yaliandikwa kwa macho ya mtawala, na Bundesarchiv wenyewe wameonya kwamba yanaweza kuwa na makosa au upendeleo. Mpe mwanafunzi kazi ya kuandika upya maelezo ya picha kwa Kiswahili, akiwa upande wa aliyebeba mzigo. Hapo Historia na Maadili vimekutana bila wewe kuhubiri.

Kwa asili ya binadamu, Smithsonian ya Marekani wana mafuvu ya kale ya kuzungusha kwa kidole kwenye skrini. Onyesha hayo siku unayofundisha Olduvai na fuvu alilolipata Mary Leakey mwaka 1959, ili mtoto aone kwamba dunia nzima inakuja kusoma kitu kilichotoka kwetu.

Nauliza jambo la kisheria. Nimepakua kitabu mtandaoni, kinasomwa bure. Je, naweza kudurufu na kuwauzia wanafunzi kwa gharama ndogo? Steshenari moja hapa mjini inafanya hivyo wazi. — Mwalimu, Arusha

Kusomwa bure hakuna maana ya kuuzwa na yeyote. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na inalinda kitabu kilichopo mtandaoni sawasawa na kilichopo rafuni. Kitabu cha TET unachokisoma kwenye maktaba yao ni mali ya TET.

Kuna vingine mwenye navyo ameshatoa ruhusa mapema kupitia leseni za Creative Commons. Angalia ukurasa wa mwanzo au wa mwisho wa kitabu. Ukiona CC BY, unaruhusiwa kunakili, kubadilisha, hata kuchapisha, mradi umtaje mwandishi. Ukiona herufi NC zimeongezwa, usikifanyie biashara. Ukiona ND, kigawe kama kilivyo, usikikate wala kukitafsiri. Pasipo na alama yoyote, chukulia kwamba hujaruhusiwa, uombe. Vitabu vya Siyavula vya Hesabu na Sayansi vina matoleo ya CC BY. Hivyo ndivyo vya kupeleka steshenari. Na wazazi wakichangia karatasi na wino, andikeni mapato na matumizi, msiache hesabu hiyo mdomoni.

Hujambo Mwalimu. Mimi hufunza Hisabati kaunti ya Kwale. Wanafunzi wa Gredi ya 10 hawaelewi grafu za kwadratiki, wanachora tu alama na kuziunganisha. Shule ina projekta na tarakilishi moja. Ungependekeza nini? — Mwalimu wa Hisabati, Kwale

Sijambo, jirani. Kwa vilivyoidhinishwa kwa mtaala wenu, pita kwanza kwenye Kenya Education Cloud ya KICD, taasisi yenu ya mitaala, ndiko mahali pake. Kwa grafu zenyewe, chukua GeoGebra. Ilianzishwa na Markus Hohenwarter mwaka 2001 alipokuwa mwanafunzi Salzburg, Austria, ni bure kwa shule, na ukishaiweka kwenye tarakilishi au simu inafanya kazi bila intaneti.

Andika y = ax^2 + bx + c. Programu yenyewe itakutengenezea vitelezi vya a, b na c. Weka b na c kwenye sifuri, ushike a peke yake. Ianzishe kwenye 3, uiteremshe polepole: 2, 1, nusu. Mchirizi, yaani parabola, unafunguka. Ukikaribia sifuri simama, funika projekta kwa daftari, uwaulize nini kitatokea ikifika sifuri, nini ikipita na kuwa hasi. Kila mmoja achore kwenye karatasi yake kabla hujafunua. Wengi watachora mchirizi mwembamba zaidi. Ni wachache watakaochora mstari ulionyooka. Funua. Kisha wapeleke kwenye c, ambayo ni rahisi, na b uiache mwisho kabisa, maana b inaisogeza grafu kwa njia isiyotarajiwa: ncha yake inatembea kwenye mchirizi mwingine. Usiwaambie hilo. Weka alama kwenye ncha, uwashe alama ya kuacha nyayo, mwite mwanafunzi aje asogeze b mwenyewe mbele ya wenzake.

Baada ya hapo warudi kwenye karatasi ya grafu na penseli, wachore tatu kwa mkono. Mtihani hauna kitelezi.